Msaidizi Naye Anachoka: Maneno Yangu kwa Wachezaji wa Gemu za Maisha

Maneno haya niliyazungumza Jumamosi alasiri katika ukumbi wa mtaa hapa Umoja, Nairobi, mbele ya vijana wanaocheza gemu na wazazi waliowasindikiza. Kuna waliozuiwa na mvua, kuna waliokuwa kazini, kuna waliokwama Barabara ya Jogoo. Kwa ajili yao nimeyaandika yote. Picha za skrini nimeziacha.

Wazazi wetu, ndugu zangu, na ninyi wadogo zangu mliokaa chini kwa sababu viti vimekwisha: hamjambo?

Asanteni. Nitauliza swali, na ninaomba mnijibu kwa mikono. Ni nani hapa amewahi kucheza gemu ya maisha, akaumba mtu mmoja peke yake, akamjengea nyumba, akamwambia: wewe utakuwa daktari, na utapika vizuri, na utapiga gita, na utakuwa na bustani, na mtaa mzima utakupenda? Inueni mikono. Sawa. Sasa acha mkono wako juu kama mtu huyo, kufikia Jumatano, alianguka akalala sakafuni mbele ya mlango wa choo, huku sahani chafu zimezungukwa na nzi.

Tazameni. Haujashuka hata mkono mmoja.

Wadogo zangu, labda mlidhani hamjui kucheza. Mnajua. Mlichokosa ni saa. Na leo nimekuja kuzungumza juu ya saa: zinatoka wapi, na zinatoka kwa nani.

Tuchukue The Sims, kwa kuwa ndiyo inayochezwa na wengi wenu. Kwa mwendo wa kawaida, sekunde moja ya kwetu ni dakika moja ya kwao. Kwa hiyo siku yao nzima, asubuhi mpaka asubuhi, ni dakika 24 za kwetu. Tupige hesabu pamoja, polepole. Mtu wako analala, tuseme, saa nane. Anakwenda kazini saa nane nyingine. Zimebaki ngapi? Nane. Na ndani ya nane hizo, ukicheza ile ya nne, yaani The Sims 4, kuna mahitaji sita yanayoshuka muda wote bila kukusubiri: njaa, usingizi, choo, usafi, burudani na kukaa na watu.

Mwangalieni anavyopika. Anafungua friji. Anatembea mpaka kwenye kaunta, anakatakata. Anabeba sufuria mpaka kwenye meko, anasimama hapo akikoroga. Anapakua. Anatafuta kiti. Anakula. Anainuka, anabeba sahani mpaka kwenye sinki. Ukiangalia saa ya gemu, chakula kimoja kimekula jioni yake. Bado hajaoga. Bado bili hazijalipwa, bomba linavuja, jirani anabisha mlangoni. Gita atalipiga saa ngapi? Kitabu atakisoma saa ngapi? Huo udaktari ataufikia vipi?

Msaidizi ndiye jibu. Na ninaposema msaidizi, ninamaanisha mtu wa pili au wa tatu unayemuumba ndani ya nyumba ileile ili mhusika wako mkuu apate kusonga mbele. Mtu huyo analeta nini? Analeta saa 24 nyingine katika siku ileile moja. Nyumba moja inabeba watu wanane. Katika ile ya nne, ukianza na mtu mmoja unapewa simoleoni 20,000, ndizo pesa za gemu, na kila mtu unayemwongeza mwanzoni anakuja na 2,000 zake. Kwa hiyo msaidizi anaingia na saa mkononi na pesa mfukoni. Msaidizi ni saa. Likumbukeni neno hilo, kwa sababu nitalirudia, na baadaye nitalisahihisha.

Nianze na habari ya gemu yenyewe ilikotoka. Mwaka 1991 moto mkubwa uliteketeza vilima vya Oakland, California, na miongoni mwa waliopoteza nyumba alikuwa Will Wright, mtu ambaye miaka miwili nyuma alikuwa ametoa SimCity, gemu ya kujenga miji. Familia yake ilisalimika. Ikabidi aanze upya kununua vitu vya nyumba, kimoja kimoja, akijiuliza ni kipi mtu anahitaji kweli na kwa nini. Maswali hayo yakazaa wazo la gemu. Lakini wazo la kwanza lilikuwa gemu ya kujenga nyumba. Unachora, unaweka kuta, unapanga vyombo. Wale watu wadogo waliingizwa wawe wakaguzi tu: watembee ndani, waonyeshe kama nyumba inafaa kuishi, kama choo kiko karibu, kama jiko lina nafasi. Watu walikuwa wasaidizi wa nyumba! Kisha ikaonekana kwamba watu ndio wanaovutia. Ilipotoka Februari mwaka 2000, nyumba ilikuwa mahali pa wao kuishi. Msaidizi alikuwa amekuwa gemu yenyewe.

Mimi ninaipenda sana habari hiyo, na mtaona kwa nini.

Sasa niwapeleke nyuma, 2005, hapahapa Umoja. Mjomba wangu alikuwa na saiba ya kompyuta nne, shilingi moja kwa dakika. Mimi nilikuwa darasa la saba. Nilifagia, nilifuta meza, na malipo yangu yalikuwa saa moja ya jioni, watu wakipungua. Kompyuta ya mwisho, ile iliyokuwa karibu na ukuta, ilikuwa na The Sims ile ya kwanza. Nikamuumba Zawadi. Zawadi alikuwa daktari. Alisoma, alifanya mazoezi, alifika kazini kwa wakati, aliingia garini akiwa na furaha. Na hakupandishwa cheo. Siku moja, siku tano, siku kumi. Cheo hakuna.

Kijana mmoja aliyekuwa akichapa barua ya kuomba kazi kwenye mashine ya pembeni akageuka, akaangalia skrini yangu, akaniambia: “Huyo hana marafiki. Kazi zinataka marafiki. Muwekee mtu nyumbani, kazi yake iwe simu tu.”

Katika ile gemu ya kwanza, marafiki wanahesabiwa kwa nyumba. Rafiki wa mmoja ni rafiki wa familia, na wakubwa wa kazi wanaangalia hesabu ya familia. Kadiri unavyopanda ndivyo wanavyotaka marafiki wengi zaidi. Na urafiki ule unapoa usipotunzwa. Kila siku inayopita bila salamu inaondoa kitu. Mtu anayetoka asubuhi na kurudi jioni amechoka atautunza saa ngapi?

Nikamuumba Baraka. Baraka hakuwa na kazi ya kuajiriwa. Asubuhi Zawadi akiondoka, Baraka ananyanyua simu. Jirani anakuja, Baraka anampikia, anamsimulia hadithi, wanacheka. Anayefuata. Anayefuata tena. Jioni Zawadi anashuka garini, anapita sebuleni palipojaa watu ambao hajawahi kusema nao hata neno, anakwenda kulala. Wiki hiyohiyo akapandishwa cheo. Nilipiga makofi peke yangu pale saiba mpaka mjomba akaja kuangalia kuna nini.

Niwaulize ninyi watu wazima mlioko nyuma. Ni nani hapa alipata kazi yake ya kwanza kwa sababu mama yake alikuwa akikaa na mtu fulani kwenye chama? Kwa sababu baba alisali kanisa moja na mtu fulani? Wale wageni walikunywa chai ya nani? Nani aliwachemshia? Ndiyo. Wengi wenu mnatabasamu kwa sababu mnawajua kina Baraka wenu kwa majina.

Nije kwa jambo ambalo vijana huniuliza zaidi: msaidizi apewe kazi gani? Jibu langu ni fupi. Mpe chache, na uanze na zile zinazoua.

Nimesema zinazoua. Mtu asiyejua kupika akiwasha meko, nyumba inaweza kushika moto. Mtu asiyejua ufundi akigusa televisheni iliyoharibika, anaweza kupigwa na umeme akafa. Zawadi wangu wa pili, baada ya yule wa kwanza, aliunguza jiko saa sita usiku kwa sababu alikuwa na njaa na usingizi pamoja, na nilikuwa nimesahau kununua kengele ya moshi. Kwa hiyo ninapoanza nyumba mpya sasa, msaidizi anasoma kitabu cha mapishi kabla ya kitu chochote kingine, kwa kuwa kila mtu nyumbani atakula mkono wake. Akishapika bila kuunguza, anajifunza ufundi. Anapika chakula cha watu wengi mara moja, anakiweka mezani kabla mkuu hajarudi, na ile safari ya friji, kaunta na meko anaitembea yeye. Mkuu anaketi tu. Hapo umemrudishia saa mbili kila siku. Saa mbili! Katika wiki ya siku saba hizo ni saa kumi na nne za gita.

Na katika ile ya nne kuna jambo zuri zaidi. Kwa baadhi ya stadi, mtu aliyefika ngazi ya kumi anaweza kuwa mwalimu wa mwingine, na anayefundishwa anajifunza haraka kuliko akiwa peke yake. Kwa hiyo wakati mwingine msaidizi ndiye anayetangulia. Anapanda kwanza yeye, kisha anageuka na kumnyooshea mkono yule mkuu. Nimewahi kucheza nyumba nzima kwa mtindo huo, na sijawahi kuona mtu akipanda haraka vile.

Msaidizi niliyempenda kuliko wote, hata hivyo, alikuwa bibi mzee. Shosho. The Sims 2, iliyotoka Septemba 2004, ndiyo iliyoleta uzee wa kweli kwa watu wazima. Mzee akistaafu analipwa pensheni kila siku. Yuko nyumbani mchana kutwa. Na katika gemu ile mtoto mchanga anayetambaa lazima afundishwe na mtu kutembea, kusema na kutumia choo, na kila somo ni refu. Linakula saa nyingi za mwalimu na mwanafunzi. Wazazi walio kazini hawaliwezi. Shosho analiweza. Nilikuwa ninamwangalia yule mzee ameinama, amemshika mtoto mikono miwili, anamrudisha hatua mbili kila anapoanguka, na nikawa ninamwona bibi yangu mwenyewe alivyokuja kutoka ushago na begi moja na kuku mmoja, akakaa nasi mwaka mzima mdogo wetu alipozaliwa. Mkono mmoja haulei mwana. Tunalisema kila siku. Pale nililiona kwa dakika na kwa saa.

Najua kuna anayetaka kuniambia: si mtu anaweza kuajiri? Anaweza. Unapiga simu, mfanyakazi wa usafi anakuja, fundi anakuja, mtunza bustani anakuja. Wanafanya walichoitiwa, wanalipwa, wanaondoka. Waajirini, hasa bustani ikiwa kubwa. Wenye Get Together, ile nyongeza ya ile ya nne iliyotoka mwishoni mwa 2015, mnaweza hata kuanzisha klabu ambayo shughuli zake ni kusafisha na kutunza bustani, mkakutana nyumbani kwenu. Wanachama wanakuja wanafanya kazi kwa furaha. Inafaa sana. Ila hakuna kati yao atakayeamka usiku mtoto akilia.

Na kila msaidizi ana mpaka wake, ujue kabla ya kumtegemea. Mtoto wa jirani yangu anacheza Stardew Valley, gemu ya kulima shamba. Alikusanya pesa, akajenga kibanda cha Junimo, wale viumbe wadogo wa rangi rangi wanaovuna shambani. Akafurahi, akapanda shamba lote pembeni ya kibanda, akaenda zake mgodini kutafuta madini siku baada ya siku. Aliporudi mimea ilikuwa imedumaa. Junimo wanavuna. Hawapandi, hawamwagilii maji. Kwa kawaida mvua ikinyesha hawatoki nje. Walikuwa wanasubiri kuvuna kitu ambacho hakuna mtu aliyekinywesha. Msimu wa gemu ile ni siku 28. Msimu ukaisha, mazao yake yote yakakauka. Alikuja kwangu machozi yakimlengalenga. Nikamwambia: hawakukukosea, hukuwauliza wanajua nini.

Na kwa kuwa nimeitaja gemu hiyo, niwaambie jambo moja juu ya aliyeitengeneza. Stardew Valley ilitoka Februari 2016. Eric Barone aliitengeneza peke yake: picha, muziki, hadithi, programu, kila kitu, kwa zaidi ya miaka minne. Watu humtaja kama mfano wa mtu mmoja aliyefanya yote. Na ni kweli aliyafanya. Lakini katika miaka hiyo aliishi na mwenzi wake, na mwenzi huyo alikuwa akifanya kazi na kusaidia kulipa gharama za maisha, ili yeye akae kwenye kompyuta. Nauliza tena lile swali langu. Saa zile za Barone zilitoka wapi? Zilitoka kwa nani?

Sasa nifike mahali paliponileta hapa. Nilisema msaidizi ni saa, nikasema nitalisahihisha neno hilo. Ninalisahihisha.

Mwaka 2008 nilikuwa kidato cha pili. Mama alikuwa mgonjwa, hatoki nyumbani. Dada yangu mkubwa alikuwa ameacha shule akiwa kidato cha tatu, akaenda soko la Gikomba kuuza mitumba. Aliondoka saa kumi na moja alfajiri ili awahi bela zikifunguliwa. Alirudi giza limeingia, mikono imekauka kwa vumbi la nguo, akapika ugali, akamwosha mama, akaniuliza kama nimemaliza kazi ya shule. Karo yangu ilitoka kwenye meza yake ya Gikomba.

Likizo ya Agosti mjomba akapata The Sims 2. Nikaumba nyumba yetu. Mimi mhusika mkuu. Dada msaidizi. Nilimpa jina lake kamili, nilimchagulia hata kitambaa cha kichwa kinachokaribiana na chake. Gemu ile inakutaka umchagulie kila mtu lengo la maisha: familia, utajiri, maarifa, umaarufu au mapenzi. Mimi nilichukua maarifa. Dada nikambofyia familia, bila kufikiri, kwa sababu ndivyo nilivyomwona: mtu wa nyumbani, mtu wetu.

Alipika. Aliosha. Alitengeneza bomba. Mimi nikasoma, nikapanda ngazi, nikang’aa. Kila mtu katika gemu ile ana kisanduku cha matamanio yake na hofu zake, pale chini. Cha kwangu nilikifungua kila dakika. Cha dada sikukifungua hata mara moja. Ningekifungua kwa nini? Alikuwa msaidizi.

Jioni moja nikamtuma jikoni, hakwenda. Nikabofya tena, amri ikafutika. Nikasogeza picha karibu. Dada alikuwa amesimama katikati ya jikoni ameshika mfuko wa unga. Ameupakata kifuani. Anaubembeleza, anauimbia kama mtoto.

Ndiyo, wadogo zangu, gemu ile iliandikwa hivyo. Mtu ambaye lengo lake ni familia, akinyimwa mpaka mstari unaopima kuridhika kwake ukafika chini kabisa, anachukua mfuko wa unga anauona mtoto. Nikafungua kisanduku chake kwa mara ya kwanza. Kuolewa. Kupata mtoto. Kupata mtoto. Vilikuwa pale siku zote.

Sikumaliza saa yangu siku hiyo. Nilizima mashine, nikatembea mpaka nyumbani. Dada alikuwa ameketi kwenye ngazi anachambua sukuma wiki. Nikakaa kando yake, nikamuuliza, dada, wewe hutaki kuolewa? Hakushtuka. Aliendelea kukata mabua. Akasema, “Kuna mtu aliniposa mwaka juzi. Nilimwambia asubiri umalize shule.”

Nikamuuliza, yuko wapi?

“Hakusubiri.”

Akainuka akawasha jiko.

Ndugu zangu, sijui niwaambieje zaidi ya hapo. Msaidizi si saa. Msaidizi ni mtu mwenye saa, na saa hizo zilikuwa na matumizi mengine kabla hujazichukua. Gemu hizi zinalijua jambo hilo kuliko tunavyolijua sisi. Angalieni jinsi zilivyotengenezwa: yule mkuu na yule msaidizi wana mahitaji yaleyale, yanashuka kwa mwendo uleule. Hakuna mahali popote katika gemu palipoandikwa huyu ni mkuu na huyu ni msaidizi. Hakuna! Almasi ya kijani inakaa juu ya kichwa cha yeyote unayemchagua. Mkuu ni yule tu unayemtazama.

Kwa hiyo nimebadilisha ninavyocheza, na ninawaomba mjaribu. Asubuhi ya gemu ninaanza na msaidizi. Ninafungua matamanio yake kabla ya matamanio ya mkuu, ninachagua moja linalowezekana siku hiyo, ninampa saa yake. Labda anataka kupaka rangi picha. Labda anataka kumwona mtu fulani. Anatoka, anakwenda, anarudi. Na nyumba yangu inakwenda vizuri kuliko zamani, kwa sababu msaidizi mwenye furaha hafuti amri, halii katikati ya jikoni, na moto hauwaki.

Na kitanda. Hapa nisikilizeni vizuri, maana ni kosa la karibu kila mmoja wetu. Pesa zikiwa chache, mkuu tunamnunulia kitanda kizuri na msaidizi tunampa kile cha bei ya chini kabisa. Si ndivyo? Sasa fikirini. Kitanda kizuri kinarudisha nguvu haraka. Kitanda kibovu kinamfanya alale saa nyingi zaidi ili ajae. Yule anayeamka kabla ya wote, anayelala baada ya wote, ndiye tuliyemlaza vibaya. Ukimpa kitanda kizuri anaamka mapema amejaa nguvu. Hiyo ni hesabu tupu ya gemu.

Wazazi, mniwie radhi kwa hili nitakalouliza, na simlengi mtu yeyote. Ni nyumba ngapi katika mtaa huu dada wa kazi analala kwenye godoro sebuleni, akisubiri televisheni izimwe ndipo atandike? Na saa kumi na moja alfajiri tunataka chai.

Nakaribia kumaliza. Wale mtakaoanza leo: ile The Sims ya nne, gemu ya msingi imekuwa ya bure tangu Oktoba 2022. Ni nzito kuipakua, kwa hiyo tafuteni mahali penye intaneti ya uhakika, msimalize bando za wazazi.

Dada yangu bado yuko Gikomba, sasa ana kibanda chake na wasichana wawili anaowalipa. Aliolewa baadaye, ana mtoto wa kiume ambaye yuko hapa mbele amenikodolea macho tangu nianze. Desemba iliyopita dada alikuja kwangu Krismasi, akanikuta ninacheza. Alikuwa hajawahi kugusa gemu maishani mwake. Nikampa kipanya. Akaumba mtu mmoja, mwanamke, akampa jina lake mwenyewe, akampeleka kazini. Hakuniuliza kitu. Siku ya tatu mtu wake akaanguka sakafuni akalala. Dada akacheka kwa sauti, akasema, “Huyu anahitaji mtu.”

Nikamwonyesha namna ya kuongeza mwingine nyumbani. Akamchagulia nywele, akamchagulia nguo, alichukua muda mrefu. Akaandika jina langu.

Kisha akaingia kwenye vyombo vya nyumba kutafuta mahali pa kunilaza. Pesa zilikuwa chache. Nilikaa kimya kabisa. Akaangalia kitanda cha bei ya chini, akaangalia cha mtu wake, akaenda huku akarudi huku. Akauza televisheni. Akauza na kile kitanda cha kwanza. Akanunua vitanda viwili, vya bei moja, akaviweka sambamba, kama tulivyolala utotoni.